Tabia Imesingiziwa

Kuna jibu moja linalotolewa kwa karibu kila jambo la umma linaloharibika. Foleni imekuwa kero: madereva hawana nidhamu. Daladala imepinduka: dereva alikuwa na tamaa. Mtoto mwenye alama nzuri amekosa shule, na wa jirani mwenye alama za chini ameipata: wazazi wa siku hizi ni wajanja. Mnada umeshusha bei ya zao: wanunuzi ni walafi. Utalisikia jibu hili kwa waziri, kwa mhubiri, kwa mtangazaji wa redio ya asubuhi na kwa abiria aliyebanwa kiti cha nyuma. Lina mvuto wake, kwa kuwa linatuhimiza tuwe wema, na nani atabishana na wema?

Mimi nabishana nalo. Ubinafsi upo, na wala sitajaribu kuwatetea wanaovunja sheria. Ninachokataa ni mazoea ya kuishia hapo: tabia ikishatajwa, uchunguzi umefungwa, aliyeweka utaratibu ameondoka salama, na waliokwama ndani ya utaratibu huo wamebaki na lawama. Lipo tawi la hisabati ambalo kwa zaidi ya miaka 20 limekuwa likilipima jibu hili kwa hesabu. Limechukua watu kama walivyo, kila mmoja akijitafutia nafuu yake, likauliza hasara inayotokea ni kubwa kiasi gani na inatoka wapi. Majibu yake yanastahili kujulikana nje ya vyumba vya mihadhara, kwa sababu mara nyingi yanaonyesha kwamba tabia imesingiziwa.

Nianze na mtu ambaye kazi yake imebeba sehemu kubwa ya mjadala huu. Éva Tardos alizaliwa Budapest mwaka 1957, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mwaka 1984, kisha akahamia Marekani, ambako yuko Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, tangu 1989. Swali lililomjengea jina mwanzoni lilikuwa la usafirishaji. Una mtandao wa njia, kila njia ina kikomo cha mzigo na gharama yake. Unatakiwa upeleke mzigo wote kutoka huku hadi kule kwa gharama ndogo kabisa. Algorithimu zilizokuwepo zilikuwa na udhaifu mmoja: tarakimu za gharama na vikomo zikiwa kubwa, hatua za kukokotoa nazo ziliongezeka. Mwaka 1985 Tardos alionyesha njia ambayo idadi ya hatua zake inategemea ukubwa wa mtandao peke yake, yaani njia ni ngapi na makutano ni mangapi, hata tarakimu zenyewe ziwe kubwa namna gani. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Fulkerson mwaka 1988.

Sasa angalia kilichojificha ndani ya swali lile. Msimamizi ni mmoja. Mzigo hauna matakwa: ukielekezwa kushoto unakwenda kushoto. Lakini barabara za kweli hazina msimamizi wa namna hiyo, intaneti haina, soko halina. Kila mmoja anachagua njia yake kwa kuangalia atafika lini yeye, na uamuzi wake unamchelewesha mwingine ambaye hamjui. Mwaka 1999 Elias Koutsoupias na Christos Papadimitriou waliliweka swali hili katika umbo ambalo linaweza kupimwa. Watu wakijitafutia nafuu hadi ikafika hali ambayo hakuna anayeweza kufaidika zaidi kwa kubadilisha uamuzi wake peke yake, jamii nzima imepoteza kiasi gani ikilinganishwa na pale ambapo msimamizi mwenye busara angewapangia wote?

Tardos na mwanafunzi wake wa udaktari, Tim Roughgarden, walilipeleka swali hilo barabarani, na makala yao kamili ikachapishwa mwaka 2002. Jibu lao ni la kushangaza kwa uwazi wake. Ikiwa muda wa kupita kila barabara unaongezeka kwa kiwango kilekile kwa kila gari linaloongezeka, basi jumla ya muda wa madereva wanaojiamulia wenyewe haiwezi kuzidi mara 4/3 ya ule ambao msimamizi bora angeupata. Hasara haivuki theluthi. Mtandao uwe wa mji mdogo au wa nchi nzima, uwe na umbo lolote, kikomo ni hichohicho. Mwaka 2012 Koutsoupias, Papadimitriou, Roughgarden na Tardos, pamoja na Noam Nisan na Amir Ronen, walipewa Tuzo ya Gödel kwa kazi zilizoweka msingi wa fani hii.

Theluthi hiyo inatoka wapi? Hapa ndipo wanaolaumu tabia wanapaswa kukaa chini na kalamu. Fikiria magari 1,000 yanayotoka kijiji kimoja kila asubuhi kwenda mjini. Njia ziko mbili. Ya kwanza inaanza na daraja jembamba, kisha inaingia barabara pana ya mzunguko. Ya pili inaanza na barabara pana ya mzunguko, kisha inamalizia na daraja jembamba la upande wa pili. Barabara pana huchukua dakika 55 hata magari yawe mangapi. Daraja jembamba huchukua dakika moja kwa kila magari 20 yanayolitumia. Madereva watajigawa nusu kwa nusu, kwa sababu upande ukizidiwa watu wanahamia wa pili. Magari 500 kwenye daraja ni dakika 25. Ongeza 55 za barabara pana, kila mtu anafika kwa dakika 80.

Akaja kiongozi mwenye nia njema, akajenga barabara fupi kabisa inayounganisha madaraja yale mawili, ya kupita bila hata kuhesabu dakika. Sasa dereva anaweza kuvuka daraja la kwanza, akakata kwenye kiungo kipya, akavuka la pili, akakwepa barabara pana zote mbili. Kwa kila mmoja uamuzi ni rahisi: daraja, hata magari yote 1,000 yakilijaa, ni dakika 50, na barabara pana ni 55. Basi wote wanapita madarajani. Dakika 50 na 50 ni 100. Kila mtu amechelewa dakika 20 zaidi ya jana, na hakuna anayeweza kujiokoa peke yake, kwa sababu anayerudi kwenye barabara pana anajiongezea dakika tano nyingine. Mwanahisabati Mjerumani, Dietrich Braess, ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1968.

Nauliza: ni tabia ya nani iliyoharibika usiku ule barabara ilipofunguliwa? Madereva ni walewale. Walikuwa wakijitafutia nafuu jana, na leo wanajitafutia nafuu. Jana ubinafsi wao uliwafikisha kwa dakika 80, leo kwa 100. Kilichobadilika ni ramani, na ramani iliwekwa na mtu. Anayesimama kando ya foleni hiyo na kipaza sauti akihubiri uvumilivu anahutubia watu ambao hawana walilokosea. Hata wakimsikiliza, mmoja mmoja, watakaoitikia ndio watakaochelewa zaidi.

Sidai kwamba kila foleni ya Dar es Salaam au Nairobi ni mfano wa Braess. Foleni zina sababu nyingi, na ili kujua ni ipi lazima upime barabara husika. Dai langu ni kwamba kupima huko ndiko kunakoachwa pale lawama ya tabia inapotangulia.

Kabla sijaendelea, kuna upande wa pili wa kukataliwa, na nao una wafuasi. Wapo waliosoma ile 4/3 wakafurahi: kumbe ubinafsi hauna madhara makubwa, basi waacheni watu, kila kitu kitajipanga chenyewe. Huo ni usomaji wa haraka. Theluthi ya muda wa mji mzima, kila siku ya kazi, si kitu cha kupuuzwa. Halafu kikomo kile kina sharti: muda uongezeke kwa kiwango kilekile. Barabara halisi ikikaribia kujaa haifanyi hivyo. Gari moja la ziada linaweza kuleta kadhia kubwa kuliko magari 100 yaliyolitangulia. Kanuni ambayo wahandisi wa barabara wa Marekani wameitumia tangu miaka ya 1960 inaongeza muda kwa kipeo cha nne cha idadi ya magari, na kwa barabara za namna hiyo kikomo kinapanda kupita mara mbili, hadi kama 2.15. Kipeo kikizidi kupanda, hasara nayo inazidi kupanda, haina ukomo.

Pia hali ile ya utulivu, ambayo hakuna anayefaidika kwa kubadilika peke yake, haiji kwa kuitamani. John Nash alithibitisha mwaka 1950 kwamba katika kila mchezo wenye idadi yenye kikomo ya wachezaji na machaguo, hali hiyo ipo, mradi wachezaji wanaruhusiwa kuchagua kwa kubahatisha. Mwaka 2006 Constantinos Daskalakis, Paul Goldberg na Papadimitriou walionyesha kwamba kuitafuta ni kazi ya ugumu ambao hakuna algorithimu ya haraka inayojulikana kuuweza, na mwaka huohuo Xi Chen na Xiaotie Deng wakaonyesha kuwa ugumu huo upo hata kwa wachezaji wawili. Anayesema soko litajipanga anadai kwamba watu wengi wasiowasiliana watafikia kile ambacho hata mashine inahangaika kukipata. Basi hisabati hii haimpi kazi mhubiri wa nidhamu, wala haimpi mhubiri wa soko. Inampa kazi mtunga kanuni.

Mfano unaonigusa zaidi uko mbali na barabara. Ni wa watoto na shule, na ulitokea Boston, Marekani.

Kwa miaka mingi jiji la Boston liligawa nafasi za shule za umma kwa utaratibu ambao kwa macho ni wa haki tupu. Kila familia inaorodhesha shule inazozitaka kwa mpangilio. Awamu ya kwanza, kila shule inawatazama walioiweka namba moja tu, na inawachukua kwa kipaumbele, kwa mfano anayekaa karibu au mwenye ndugu shuleni pale. Nafasi zikibaki, awamu ya pili inawatazama walioiweka namba mbili, na kuendelea. Nani angepinga? Aliyeipenda shule zaidi apewe kwanza.

Chukua watoto watatu, Asha, Baraka na Chausiku, na shule tatu zenye nafasi moja moja: ya mjini, ya mtoni na ya mbali. Asha na Baraka wote wanaitaka kwanza ya mjini, kisha ya mtoni. Chausiku anaitaka ya mtoni kwanza. Shule ya mjini inampa Asha kipaumbele. Shule ya mtoni inampa Baraka kipaumbele, kwa kuwa anakaa jirani nayo kabisa. Wote wanaandika ukweli. Awamu ya kwanza, Asha anachukua ya mjini. Ya mtoni, kwa kuwa ni Chausiku pekee aliyeiweka namba moja, inakwenda kwake papo hapo. Baraka anafika awamu ya pili, anakuta mlango wa shule iliyo jirani na kwao umefungwa, ingawa kipaumbele kilikuwa chake. Anapelekwa ya mbali. Kosa lake ni moja: alisema ukweli. Kama mama yake angedanganya, akaiweka ya mtoni namba moja, angeipata.

Wazazi wa Boston waliligundua hilo. Kulikuwa na vikundi vya wazazi vilivyokutana kujadili shule zipi ziwekwe wapi kwenye orodha ili mtoto asipoteze nafasi. Walikuwa na muda, wana marafiki ndani ya mfumo, wanajua mwaka jana shule ipi ilijaa mapema. Mzazi aliyefanya kazi zamu mbili, au aliyefika nchini juzi na lugha haijamkaa, aliandika kile alichokitaka moyoni, akaadhibiwa. Ukiwatazama kwa nje ungesema: wale wajanja, wale wazembe. Lakini ujanja ule ulizalishwa na kanuni iliyomtoza gharama mkweli. Nani kati yetu angekuwa radhi kumtoa mwanawe sadaka ili fomu ya halmashauri ijazwe kwa unyoofu?

Dawa yake ilikuwa imeshaandikwa tangu 1962 na David Gale na Lloyd Shapley. Tofauti inaonekana ndogo. Shule haitoi nafasi moja kwa moja. Inamshikilia mtoto kwa muda. Akija mwingine mwenye kipaumbele zaidi, aliyeshikiliwa anaachiwa, anakwenda kwenye chaguo lake linalofuata, na huko anashindanishwa sawasawa na waliotangulia. Nafasi zinathibitishwa mwisho kabisa. Rudia mfano wetu: Baraka anakosa ya mjini, anakwenda ya mtoni, anakuta Chausiku ameshikiliwa pale, na kwa kipaumbele chake anamwondoa. Kwamba Baraka aliiweka namba mbili hakumpunguzii chochote. Na hapa si suala la matumaini: ilithibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Lester Dubins na David Freedman, na Alvin Roth kwa upande wake, kwamba katika utaratibu huu anayeorodhesha hana namna ya kufaidika kwa kudanganya. Atila Abdulkadiroğlu na Tayfun Sönmez waliueleza udhaifu wa Boston katika makala ya mwaka 2003, na Julai 2005 kamati ya shule ya jiji ikapiga kura kubadili.

Jiji la New York lilikuwa limebadili kidogo kabla yake, kwa wanafunzi zaidi ya 90,000 waliokuwa wakiingia shule za sekondari kila mwaka. Katika utaratibu wa zamani, takriban 30,000 kati yao waliishia shule ambayo hawakuiandika popote. Mwaka wa kwanza wa utaratibu mpya idadi hiyo ilishuka hadi takriban 3,000. Shule nzuri hazikuongezeka, wala wazazi wa New York hawakuwa watakatifu ndani ya miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni kanuni ya ugawaji.

Tuje nyumbani, kwenye daladala, ambako lawama ya tabia imeota mizizi kuliko popote. Dereva anachukua gari alfajiri kwa tajiri. Jioni anatakiwa apeleke hesabu, kiasi kilichopangwa, abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ni juu yake. Kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho chake na konda. Ndani ya mpango huo, abiria aliyesimama kituoni ni wa gari litakalofika kwanza. La pili litaambulia patupu. Basi madereva wawili wa ruti moja, hata wawe majirani na wanasali pamoja, wanakimbizana. Kituoni gari haliondoki mpaka lijae, kwa sababu kiti kitupu kinatoka kwenye posho ya dereva. Abiria wakipungua mbele ya safari, kukatisha ruti kunalipa kuliko kumaliza. Faini ya trafiki inaingia kwenye matumizi ya siku kama mafuta yanavyoingia. Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu usafiri wa Dar es Salaam, aliyafuatilia maisha haya kwa kina, na mtu akishauelewa mkataba huu wa hesabu hashangai tena kuhusu mwendo kasi.

Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilikuwa na vita hiyohiyo ya kugombea abiria barabarani. Ulipoanza mfumo wa mabasi ya TransMilenio, Desemba 2000, kampuni zinazoendesha mabasi ya njia kuu zililipwa kwa kilomita zilizokwenda, badala ya vichwa vya abiria. Basi la mbele halikuwa adui tena. Ukimlipa dereva mshahara na gari kwa kilomita, umeondoa sababu ya kukimbizana; mtu akikimbia baada ya hapo, hapo ndipo una haki ya kuzungumzia tabia yake.

Kenya ilitoa somo jingine. Wachumi James Habyarimana na William Jack waliweka vibandiko ndani ya matatu vinavyowahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Hawakumhutubia dereva. Waliwapa abiria, ambao kila mmoja alikuwa anaogopa kuwa wa kwanza kusema, ruhusa ya kusema pamoja. Katika jaribio lao la kwanza, lililochapishwa 2011, madai ya bima kutokana na ajali yalishuka kati ya nusu na theluthi mbili. Katika jaribio kubwa zaidi lililofuata yalishuka kati ya robo na theluthi. Hata ukichukua punguzo dogo kati ya hayo mawili, linganisha na miaka ya semina za usalama barabarani, kisha uniambie fedha zinapaswa kwenda wapi.

Kwenye mazao, lawama ya ulafi iliwahi kuwa sera. Novemba 2018, baada ya bei za wanunuzi wa korosho kukataliwa, serikali ya Tanzania iliwaweka kando wafanyabiashara, ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wapo wakulima waliosubiri malipo yao hadi mwaka uliofuata. Uchungu wa mkulima niliuelewa na ninauelewa. Ila tazama mnada wenyewe ulivyokuwa. Wanunuzi wanaandika bei kwa siri, karatasi zinafunguliwa mbele ya wakulima, wa juu anachukua mzigo kwa bei aliyoandika. Mnunuzi ambaye kilo kwake ina thamani ya shilingi 3,500 akiandika 3,500 akashinda, amefanya kazi bure. Ni lazima aandike chini, na atashuka kiasi gani inategemea anadhani wenzake ni wangapi. William Vickrey alilichambua hili mwaka 1961. Katika mfano rahisi kabisa wa vitabuni, ambapo thamani za wanunuzi zimetawanyika sawasawa kuanzia sifuri, mnunuzi mwenye mshindani mmoja ataandika nusu ya thamani yake. Wakiwa wanunuzi kumi ataandika asilimia 90. Mtu yuleyule, moyo uleule, bei karibu mara mbili.

Kumbe swali la maana kwa mkulima wa Mtwara au Lindi ni wangapi wanafika mnadani, nani amezuiwa na gharama ya kufika, na nani anaweza kukaa pembeni na wenzake wakakubaliana bei. Ndiyo maana naunga mkono kuhamishia minada ya korosho kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania tangu msimu wa 2024/25: mnunuzi aliye mbali anaweza kushindana bila kupanda gari. Tardos mwenyewe ameishughulikia minada ya aina hii. Mwaka 2013, yeye na Vasilis Syrgkanis walionyesha kwamba vitu vingi vikiuzwa kwa wakati mmoja kwa zabuni za siri, kila mshindi akilipa alichoandika, basi kwa sharti kwamba bidhaa hazitegemeani, wanunuzi wanaobahatisha huku hawajui thamani za wenzao bado watafikia angalau asilimia 63 ya thamani ambayo ugawaji bora ungeifikia. Msomaji awe makini hapa: kipimo hicho kinahusu mzigo kufika kwa anayeuthamini zaidi. Hakimhakikishii mkulima bei nzuri. Anayetaka bei ya mkulima ilindwe lazima aiweke kwenye kanuni waziwazi.

Na asipoiweka, hata kanuni yenye sifa nzuri itamwaibisha. New Zealand mwaka 1990 iliuza masafa ya mawasiliano kwa mnada wa Vickrey, ambao mshindi hulipa bei ya aliyemfuatia. Ni mnada ambao hauna faida ya kuficha thamani yako. Lakini hawakuweka bei ya chini, na washindani walikuwa wachache. Kampuni moja iliyoandika dola 100,000 za nchi hiyo ililipa 6. Hakuna aliyedanganya wala aliyekiuka sheria. Waliolipia uzembe huo ni wananchi wenye masafa.

Nitaambiwa: unaua maadili. Watu wakiaminishwa kwamba kosa ni la kanuni, kila mwizi atakuwa na utetezi. Naichukulia hoja hii kwa uzito, kwa sababu jamii isiyo na aibu haiwezi kuokolewa na algorithimu. Lakini maadili yana nguvu pale tu ambapo mwema hafanywi mjinga. Mama wa Baraka alikuwa mwadilifu. Dereva anayekwenda taratibu huku hesabu haijatimia ni mwadilifu, na wiki ijayo gari atapewa mwingine. Kanuni mbovu huwachuja wema mmoja mmoja mpaka wabaki wale tunaowalalamikia, kisha sisi tunawatazama tuliobaki nao na kusema: mnaona watu wetu walivyo? Anayejali maadili ndiye angekuwa wa kwanza kutaka utaratibu ambao haumtozi mtu kwa kuwa mkweli.

Nitaambiwa pia kwamba wajanja watalizunguka kila jambo, basi kubadili kanuni ni kazi bure. Hili si suala la maoni tena. Limeshatolewa uthibitisho, na jibu lake ni mchanganyiko. Allan Gibbard mwaka 1973 na Mark Satterthwaite mwaka 1975 walithibitisha kwamba pale ambapo uchaguzi wa pamoja una machaguo matatu au zaidi, na watu wako huru kuyapanga watakavyo, hakuna kanuni ya kupiga kura isiyoweza kuchezewa, isipokuwa ile inayomfanya mtu mmoja awe mwamuzi wa kila kitu. Kwa kura, basi, mjanja ana nafasi. Kwa ugawaji wa shule kwa njia ya Gale na Shapley, mwanafunzi mjanja hana. Kuna kanuni zinazochezewa na kuna zisizochezewa, na inajulikana zipi ni zipi.

Kwa hiyo madai yangu kwa wanaogawa nafasi hapa kwetu ni mahususi. Tanzania wanaomaliza kidato cha nne hujaza machaguo ya tahasusi na vyuo. Kenya wanaotafuta vyuo vikuu hupanga kozi kwa mpangilio kupitia KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo. Andikeni hadharani, kwa Kiswahili cha kawaida, hatua kwa hatua, jinsi machaguo hayo yanavyogeuzwa kuwa nafasi: chaguo la pili linatazamwa lini, aliyekosa la kwanza anashindana na nani, nafasi inathibitishwa wakati gani. Hatua hizo zinatosha kwenye ukurasa mmoja. Akiwa nao mkononi, mwalimu yeyote wa hisabati wa sekondari anaweza kukaa na wanafunzi wake, akachukua watoto watatu na shule tatu, akawaonyesha kama kuandika wanachokitaka kweli kutawagharimu au hakutawagharimu.